Tabora inaoneshwa kila mahali isipokuwa Tabora

Mwaka 2013 chuo kimoja cha jamii huko Queens, New York, kiitwacho Queensborough, kilifungua maonesho ya sanaa za Tanzania na kuyapa jina la Kiswahili: Shangaa. Si chuo cha vigogo. Ni chuo cha umma kinachosomesha watoto wa wahamiaji na wa wafanyakazi wa kawaida, na kina jumba lake la sanaa. Vinyago na viti kutoka huku kwetu bara vilipangwa, vikaandikiwa maelezo, vikapigwa picha, vikatolewa kitabu, kisha vikapelekwa Portland, jimbo la Maine, ili na wengine wavione. Miaka 19 kabla ya hapo, mwaka 1994, Berlin na Munich zilikuwa zimeandaa maonesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania, nayo yakabeba jina la Kiswahili pamoja na lile la Kijerumani: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Mwishoni mwa 2024 Berlin ikafungua mengine tena kuhusu historia za Tanzania, katika jumba la makumbusho la Humboldt Forum, safari hii kwa kushirikiana na Makumbusho yetu ya Taifa.

Maonesho matatu ndani ya miaka 30, na hakuna hata moja lililoshuka stesheni ya Tabora. Hilo halinishangazi sana. Gharama za bima tu za kusafirisha vitu hivyo zingemaliza bajeti ya utamaduni ya mkoa. Kinachonikera ni kingine. Mtu akitaka kujua leo ni kiti gani cha Kinyamwezi kiliwekwa mbele ya watazamaji mwaka 1994, kimetoka kwenye mkusanyiko gani na kilielezwa vipi, atapata jibu kabla chai haijapoa. Mwambie sasa atafute kilichooneshwa hapa Manispaa ya Tabora kati ya 2014 na 2024: nani alichonga, nani alichora, kazi ipi iliuzwa, kwa nani. Ataelekezwa kwa mzee fulani wa Isevya, naye atamwelekeza kwa kijana aliyehamia Mwanza.

Kila linapozuka wazo la kuupatia mji huu kituo cha sanaa, mazungumzo huanza na kiwanja, ramani na mfadhili. Nadhani tunaanzia mwisho. Kituo cha sanaa cha jamii ni orodha ya maonesho yake. Jengo ni kifuniko tu. Kituo chenye ukumbi wa marumaru kisichoweza kutaja kilichooneshwa humo miaka kumi iliyopita ni ukumbi wa sherehe, na kumbi za sherehe Tabora tunazo za kutosha, kuanzia Cheyo hadi Kanyenye.

Nianze na kiti, maana wengi wetu hatujui kwamba ndicho kilicholitangaza jina la Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi wa hapa Tabora, katika vitabu vya sanaa duniani. Makumbusho ya Berlin ina kiti cha enzi kilichotoka Buruku, Unyanyembe. Kina egemeo refu, na kwenye egemeo hilo mchongaji ametokeza umbo la binadamu, kichwa, kifua na mikono, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya mtawala. Viti vya namna hii ni vichache mno. Kimoja kiko Metropolitan, jumba kubwa la New York. Wataalamu wa sanaa za Afrika Mashariki wakitaka kupinga ule usemi wa zamani kwamba huku hakukuwa na uchongaji wa maana ukilinganisha na Kongo, kiti cha Kinyamwezi ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza wanaouweka mezani.

Vilifikaje huko? Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilitoa uamuzi kwamba vitu vinavyokusanywa na maofisa wake makoloni vipelekwe kwanza Berlin. Miaka minne baadaye, Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti Wajerumani walipoivunja ngome yake, na Tabora ikawa kituo cha kijeshi. Maofisa waliokaa hapa walikuwa na bunduki, wapagazi na agizo la kujaza makabati. Sina haja ya kurefusha. Ninachotaka tukione ni kwamba hata wizi na unyang'anyi ule uliandikwa: tarehe ya kupokelewa, jina la aliyeleta, mahali kilipotoka. Jina la mchongaji halikuandikwa, na hilo ndilo pengo kubwa la makabati yote ya Ulaya. Wao walisahau jina la fundi kwa sababu hawakumwona kuwa msanii. Sisi tunaomwita msanii tunalisahau kwa sababu gani?

Mfano mwingine uko mfukoni mwa wakusanyaji wa sarafu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana Wajerumani na Dar es Salaam ikiwa imezibwa na manowari za Waingereza, walipiga sarafu hapa Tabora katika karakana ya reli. Ile ya dhahabu ya rupia 15 ina tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, na herufi ndogo T kwa ajili ya Tabora. Zilitengenezwa takriban 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini na kazi ikaishia hapo. Hadi leo sarafu hizo zinauzwa kwenye minada, na kila muuzaji anajua ngapi zilitoka na zinatofautianaje. Watu waliokuwa wakikimbia vita walipata muda wa kuhesabu. Hapa hapa, chini ya miembe hii hii.

Halafu tazama muziki, maana hapo Tabora ilifanya vizuri na sababu yake inaeleweka. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zinatajwa hadi leo na watu ambao hawajawahi kukanyaga Unyanyembe. Zilikuwa bendi nzuri, kweli, lakini nchi ilijaa bendi nzuri. Zilizodumu ni zile zilizofika mbele ya vinasa sauti vya Radio Tanzania Dar es Salaam. Fundi mitambo aliandika kwenye boksi la mkanda jina la bendi, wimbo, mtunzi. Karatasi ile iliyobandikwa kwenye boksi ndiyo iliyotengeneza historia ya muziki wa Tabora. Aliyechora bango la dansi, aliyechonga gitaa la kwanza la mbao za mninga, aliyeshona sare za wanamuziki, hao hawakuwa na boksi la kubandikwa karatasi. Mji uleule, miaka ileile, vipaji vilevile; upande mmoja kuna kumbukumbu na upande wa pili maneno ya vijiweni.

Wapo watakaosema makumbusho tunayo, pale Kwihara. Ni kweli, na ninawahimiza watu waende. Tembe ile ni jengo zuri, lina milango ya mbao iliyonakshiwa, na hadithi yake ni ya kweli: Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Lakini piga hesabu. Mgeni aliyekaa miezi sita ana makumbusho. Wenyeji waliompangisha, wakamlisha, wakambebea mizigo, wakamwonesha hata njia za kupita, wanaonekana ndani yake kama watu waliokuwepo karibu. Siwalaumu wanaoitunza, ile ni kumbukumbu ya Livingstone na wanafanya kazi waliyopewa. Lawama ni kuitumia kama jibu kila mtu anapouliza sanaa ya Tabora iko wapi.

Tuje kwenye maonesho ambayo watu wa hapa wanayahudhuria kwa wingi bila kubembelezwa. Nane Nane. Kila Agosti viwanja vya Ipuli hujaa watu wa Tabora na Kigoma, wa kanda nzima ya magharibi. Ng'ombe, mbegu, matrekta, asali, tumbaku, simba kwenye kizimba. Pembezoni mwa mabanda ya halmashauri utamkuta mama mwenye vikapu, kijana mwenye picha za rangi alizozichora kwenye turubai, kikundi cha batiki, seremala aliyeleta kabati la mninga lenye nakshi ambayo hutaiona kwenye maduka ya samani. Katikati ya uwanja ngoma inapigwa, manyanga yanatikiswa, na wacheza na nyoka wanawafukuza watoto wanaocheka huku wakikimbia. Kwa siku nane hivi, hayo ndiyo maonesho makubwa kabisa ya sanaa ya Unyamwezi popote duniani, makubwa kuliko ya Berlin.

Jioni ya tarehe 8 yanakunjwa. Kinachobaki kwenye faili ni taarifa ya banda lililoshinda kikombe na hotuba ya mgeni rasmi.

Nimesema mgeni rasmi na siwezi kupita hapo bila kuchokoza kidogo. Katika maonesho yetu kuna kitabu kimoja tu kinachotunzwa kwa uangalifu mkubwa: kitabu cha wageni. Kimefunikwa kitambaa, kina kalamu yake, na mkuu anapofika husaini huku kamera zinamulika. Mtu akikifungua baada ya miaka kumi atajua waheshimiwa wote waliopita. Hatajua walikuja kutazama nini. Kingekuwa kimoja tu ningenyamaza, lakini ukizunguka vituo vya utamaduni nchini utakuta hivyohivyo: saini za watazamaji zipo, majina ya waliotazamwa hayapo.

Wazee wa Pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wafanyabiashara, walijua wanachokisema, na Tabora ya misafara ya pembe ilijengwa na watu wa madaftari.

Sasa hoja ya jengo. Kituo cha sanaa cha jamii kilichopata kuheshimika zaidi nchini ni Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll, kikiwa karakana ya vijana wenye vipaji wasio na ajira. Jengo lake maarufu la katikati ya jiji lilifunguliwa 1983 na Mwalimu Nyerere. Ukiisoma historia yake vizuri utaona jambo linalopaswa kuwasumbua wapenda ramani. Mambo makubwa ya kituo kile yalitokea katika muongo wa kwanza, kabla ya jengo. George Lilanga aliingia pale katika miaka hiyo ya mwanzo kama mlinzi, akaokota zana, akachonga, akachora, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 kazi zake zilikwisha kuoneshwa Washington. Karakana ilikuwa na nidhamu ya kuonesha: kazi inatengenezwa, inapangwa, inatazamwa na watu, inauzwa, jina la aliyetengeneza linajulikana.

Jengo lilipokuja lilileta duka, mgahawa, watalii na, mbaya zaidi, kiwanja cha thamani. Kiwanja cha katikati ya jiji hakilali. Kila mwenye fedha anakiota. Leo wachoraji hawapo tena pale. Sisemi jengo ndilo lililoua kituo, zipo sababu nyingi za fedha na za uongozi. Nasema kwamba kilichobaki cha Nyumba ya Sanaa, kile ambacho hakuna aliyeweza kukiuza, ni rekodi ya maonesho iliyotapakaa kwenye vitabu na makumbusho ya watu wengine. Lilanga alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zinazunguka Ulaya ndani ya Africa Remix, maonesho makubwa ya sanaa ya kisasa ya Afrika. Wenzake waliokaa naye benchi moja, ambao kazi zao hazikuorodheshwa, tunawataja kwa kusema "na wengine".

Kuna namna ya kuisoma orodha ya miaka kumi ya kituo chochote, na ukiizoea itakuambia mengi kuliko risala. Tazama kwanza mada. Vituo vingi vya jamii Tanzania viliishi kwa miradi, na mradi huja na mada yake: ukimwi mwaka huu, mazingira mwaka ujao, ukatili wa kijinsia, amani wakati wa uchaguzi, mabadiliko ya tabianchi. Mada hizo si mbaya. Lakini kituo ambacho ndani ya miaka kumi hakijawahi kufanya maonesho yenye mada iliyotoka kwa msanii mwenyewe ni kiwanda cha mabango ya wafadhili, hata kama kina wachoraji hodari. Dalili yake nyingine ni mikono na mioyo: ukiona picha nane kati ya kumi zina viganja vilivyoshikana au moyo unaochanua mti, ujue fedha zilitoka wapi.

Tazama pia jina linalojirudia. Msanii anayeonekana kwenye maonesho ya pamoja mwaka wa kwanza, wa tatu, wa nne, kisha akapewa maonesho yake peke yake mwaka wa saba, huyo kituo kimemlea. Majina yakibadilika yote kila mwaka, kituo kinaokota watu kujaza ukuta. Yasipobadilika kabisa, ni kijiwe cha marafiki. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa cha Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanza 2008 na wasanii wake wakifanya kazi ndani ya makontena ya meli, inasifiwa na kulaumiwa kwa mengi, likiwemo kutegemea fedha za nje. Kwa kipimo hiki, hata hivyo, inasimama: imevuka muongo wake wa kwanza ikiwa na kumbukumbu za nani alionesha nini, na kijana akitoka pale ana ukurasa wa kuonesha anakokwenda.

Ukurasa huo si urembo. Msanii akiomba nafasi ya kukaa na kufanya kazi nje ya nchi, akiomba ruzuku, hata akiomba viza, swali la kwanza ni ameshiriki maonesho gani. Kijana wa mtaa wetu wa Ng'ambo hapa Tabora aliyechora kwa miaka tisa, akaonesha Ipuli kila Agosti, anajibu swali hilo kwa kukwaruza kichwa.

Bei nayo inafuata rekodi. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu, kuanzia 1968 hadi alipouawa 1972, akitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Mauzo yake hayakuwekewa kumbukumbu. Matokeo yake leo ni ubishi usiokwisha kuhusu ipi ni kazi ya mkono wake na ipi ni ya kuiga, na wanaofaidika na ubishi huo ni madalali. Kazi iliyowahi kuorodheshwa mahali, ikiwa na picha, vipimo na tarehe, ni ngumu kughushi na rahisi kuitetea. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii wa Tabora sawa na wa Dar es Salaam, uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini siku ya kudai haki anatakiwa aoneshe kwamba alitangulia. Ataonesha nini, saini ya mkuu kwenye kitabu cha wageni?

Nikitafuta mfano wa karibu wa kituo kilichodumu, naangalia kaskazini, Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma ilianzishwa na Padri David Clement wa White Fathers, shirika la wamisionari Wakatoliki, na mabanda yake yamejengwa kwa maumbo ya vitu vya jadi; lipo lililosanifiwa kwa umbo la kiti cha enzi. Hiyo ndiyo sifa inayotajwa na watalii. Sababu ya kudumu kwake ni nyingine: tamasha la ngoma la Bulabo. Kila Juni, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wanakuja kushindana kwa ngoma, na umati unaokuja kwa ajili ya ushindani unapita kwenye makumbusho. Watu hawakuitwa waje kutazama sanaa. Walifuata ugomvi wao mtamu wa jadi, na sanaa ikawekwa njiani. Msimamizi yeyote wa maonesho anayengoja watu wa Tabora waamke Jumamosi asubuhi waseme twende tukatazame picha, atangoja sana.

Ndiyo maana sioni sababu ya kubuni tamasha jipya. Umati upo Ipuli kila Agosti. Banda moja tu, lisiwe la halmashauri wala la kampuni ya pembejeo, lipangwe kama maonesho ya sanaa hasa, kazi 30 au 40 zilizochaguliwa, kila moja na karatasi yake ya maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka. Achaguliwe mtu mmoja mwenye jicho, apewe madaraka ya kukataa. Hilo la kukataa ni gumu huku kwetu, maana kila kikundi kina katiba, mwenyekiti na shangazi anayefahamiana na mtu ofisini. Lakini maonesho yanayopokea kila kitu ni gulio, na gulio lina siku yake na mahali pake.

Watakaooneshwa ni nani? Hapa huwa nasikia kwamba Tabora haina wasanii wa sanaa za mikono, wamebaki wanamuziki na waigizaji. Anayesema hivyo hajatembea. Tuna mafundi wa mninga ambao kiti chao kimoja kinamaliza miezi. Mninga wenyewe unazidi kuwa adimu na ghali, na mbinu za kuunganisha bila misumari zinaondoka na wazee waliozijua. Hayo tu yanatosha kwa maonesho ya mwaka mmoja. Mji una chuo cha ufugaji nyuki, na misitu ya Sikonge na Urambo ina watu wanaotengeneza mizinga ya magogo na ya magome kwa mikono yenye ustadi ule ule wa mchongaji. Tuweke mzinga wa gome katikati ya chumba, taa juu yake, tuone kama kuna atakayesema si sanaa. Wafinyanzi wapo. Wasusi wa vikapu na ungo wapo, karibu wote wanawake, na karibu wote kazi zao zinauzwa barabarani kwa jina la "mama wa vikapu".

Na kuna wachora mabango. Hawa wananiuma kuliko wote. Ndani ya miaka kumi na kitu hivi, mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimewaondoa kazini karibu wote. Zamani kila saluni, bucha na fundi redio alikuwa na mchoraji wake. Vichwa vyenye mitindo ya nywele iliyotajwa majina, ng'ombe anayetabasamu juu ya bucha (ng'ombe huyo sijamwelewa mpaka leo), spika zenye miale inayotoka mdomoni. Kuta za mji zilikuwa maonesho ya kudumu yasiyo na kiingilio, na yalikuwa na waandishi wake. Ukimjua mchoraji ungetambua mkono wake kwenye herufi ya S tu. Mvua, chokaa mpya na mabango ya kompyuta yamefuta. Picha zilizopo ziko kwenye simu za watu, nyingi zimepigwa kwa bahati wakati mtu anajipiga yeye. Kazi ya kwanza ya kituo cha sanaa cha Tabora, hata kabla hakijapata mlango, ingekuwa kuzikusanya picha hizo na kutafuta nani alichora nini, wachoraji wenyewe wakiwa bado hai.

Fedha? Nitaambiwa mji wenye shida ya madawati hauwezi kuzungumzia kuta za saluni. Lakini sijaomba marumaru. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu; ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Vikundi vya ufugaji kuku na bodaboda vinaijua njia hiyo kwa moyo. Vikundi vya wasusi na wachoraji vinaijua kwa nadra, na vikifika dirishani vinaulizwa kumbukumbu za mauzo. Tunarudi palepale. Asiye na orodha hakopesheki.

Upande wa madai ya kurudishiwa vitu, orodha inahitajika vilevile. Mazungumzo kati ya Tanzania na Ujerumani yanaendelea, na siku moja huenda swali likaja: kiti cha Buruku kirudi? Kirudi wapi? Dar es Salaam itajibu kabla yetu, kwa haki, maana ina makumbusho yenye watunzaji na vitabu. Mji unaotaka kusikilizwa katika mazungumzo hayo ungetakiwa kuweza kusema: sisi tumekuwa tukionesha viti kwa miaka kumi, hawa hapa mafundi wetu, hizi hapa picha, hivi ndivyo egemeo linavyochongwa hadi leo au lilivyoacha kuchongwa. Bila hayo tutabaki kutoa machozi kwenye vyombo vya habari, na machozi hayapimwi unyevu wala joto la chumba.

Daftari lenyewe lisiwe na mbwembwe. Tarehe na mahali. Jina la msanii kama anavyotaka liandikwe, pamoja na kijiji au mtaa. Kazi imetengenezwa kwa nini, urefu wake, upana wake. Picha moja ya wazi, kazi peke yake, bila mheshimiwa mbele yake. Ilikuwa inauzwa au la, iliuzwa kwa kiasi gani, imekwenda wapi. Na maneno machache ya msanii mwenyewe, kwa Kinyamwezi akitaka, kuhusu alichokuwa anakifanya. Kijana mmoja mwenye simu nzuri na mwandiko unaosomeka anaimaliza Ipuli nzima kwa siku tatu.

Ugumu utakuwa kwenye kulitunza. Likikaa kwa kiongozi wa kikundi litaliwa na ugomvi wa kikundi. Likikaa kwa ofisa utamaduni peke yake litahama naye au litabaki kabatini asilolijua mwingine, maana maofisa huhamishwa na funguo hupotea. Lipigwe nakala: moja ikae Maktaba ya Mkoa, ambako mwanafunzi yeyote anaweza kuingia na kuiomba, moja ikae ofisi ya manispaa, na kila msanii apewe ukurasa wake uliogongwa muhuri, akaufungie kwenye sanduku anakofungia cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja.